Supamaketi mpya ya mtaani au Soko la Majengo?

Tangu supamaketi ifunguliwe huku kwetu Ilazo, Dodoma, sabuni, pempasi na maziwa ya pakiti nanunua hapo. Bei imebandikwa, risiti unapewa, na saa mbili usiku bado wako wazi. Kwa anayerudi kutoka kazini Mtumba amechoka, hilo si jambo dogo.

Chakula chenyewe, hapana, nakifuata Majengo. Nyanya zinauzwa kwa fungu, unachagua mwenyewe, na mama muuzaji akikuzoea anakuongezea mbili. Mlenda mkavu, karanga, mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hukuhuku au Singida, vyote vipo. Na zabibu! Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, halafu kwenye rafu za supamaketi yetu nakuta zabibu za nje. Inaniuma kweli.

Majengo angalia kipimo tu: mchele dai upimiwe kwenye mizani, kopo lililobonyea likatae. Kwa fungu moja la nyanya nauli haikulipi, kwa hiyo nenda Jumamosi asubuhi ununue ya wiki nzima. Beba kikapu, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019.