Trekta la zamani la bustani: lipi ununue, lipi uliache

Nyumba yenye ekari moja au mbili huku Kentucky, Indiana au Ohio ina kazi ambayo mashine ya kusukuma kwa mikono haiiwezi. Mwezi wa Mei majani hayakupi nafasi ya kupumua, bustani ya mahindi, maharage na lengalenga inataka kulimwa, na ikifika Januari theluji inaziba njia ya gari. Wengi wetu tuliotoka Bukavu, Kigoma au Bujumbura tukipata kiwanja cha namna hiyo tunakimbilia duka kubwa, tunachukua trekta jipya linalong'aa, tunaanza kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Tukijaribu kulima nalo, giaboksi inalia. Ushauri wangu ni mwingine: tafuta trekta la bustani la miaka ya 1960 hadi 1980, lifufue mwenyewe, likufanyie kazi zote hizo.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wauzaji huvichanganya. Trekta la kukatia majani ni jepesi, fremu yake ni bati lililokunjwa, na giaboksi yake ndogo haikuumbwa kuvuta plau. Vitabu vingi vya maelekezo vinakataza hata kulijaribu. Trekta la bustani ni mnyama mwingine. Fremu yake ni chuma kinene, giaboksi imefungwa ndani ya chuma cha kusubu, tairi za nyuma mara nyingi zina rimu ya inchi 12, na ukilisukuma likiwa limezimwa unahisi uzito wake mgongoni. Jipya la kiwango hicho linauzwa kwa maelfu ya dola. La zamani linalowaka, bado unalipata kwa mamia.

Sasa neno ambalo nalishikilia kuliko yote: usinunue kwa kutazama injini. Nunua giaboksi na vifaa. Matrekta mengi ya enzi hizo, ya kampuni tofauti, yalifungwa injini zilezile za Kohler za mfululizo wa K: K181 ya hp (nguvu za farasi) 8, K241 ya hp 10, K301 ya hp 12, K321 ya hp 14 na K341 ya hp 16. Ni silinda moja, chuma kitupu, na ringi, pistoni, gasketi na kabureta zake bado zinauzwa. Injini iliyochoka inatengenezeka kwenye meza ya gereji yako. Giaboksi iliyovunjika meno ni shida kubwa zaidi. Na trekta lililouzwa bila deki ya kukatia majani, yaani lile bati la chini lenye visu, bila mkono wa kushikia plau, litakufanya uhangaike: vifaa hivyo vikitafutwa kimoja kimoja vinaweza kupita bei ya trekta lenyewe.

Namba moja: Wheel Horse ya gia

Kwa mtu anayeanza, hili ndilo. Kampuni ilianzia South Bend, Indiana, baadaye ikaingia mikononi mwa American Motors, na mwaka 1986 ikanunuliwa na Toro. Tafuta C-120 au C-160 za miaka ya 1970 zenye giaboksi ya gia nane, yaani sita za mbele na mbili za nyuma. Mkanda mmoja unatoka kwenye injini hadi giaboksi, na ukikanyaga pedali mkanda unalegea, trekta linasimama. Basi. Hakuna klachi ya sahani, hakuna pampu ya mafuta, hakuna kitu ambacho mtu mwenye spana na subira hawezi kukifungua.

Udhaifu wake ni viwili na vyote vinaonekana kwa macho. Maji ya mvua hupenya pale kwenye mpira wa kitako cha mkono wa gia, yakashuka ndani ya giaboksi. Chomoa kijiti cha kupimia. Oili ya gia ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Si mwisho wa dunia, maana unaimwaga, unasafisha, unajaza oili nzito ya namba 90, lakini ikiwa imekaa hivyo miaka mingi beringi zitakuwa zimekula kutu, na bei lazima ishuke. Cha pili ni kitovu cha gurudumu la nyuma. Kinashikwa na ufunguo mdogo wa chuma na bolti ya kubana. Bolti ikilegea, kitovu kinacheza juu ya ekseli na kuila. Inua nyuma kwa jeki, shika tairi kwa mikono miwili, litikise mbele na nyuma. Ukisikia "tak, tak" kabla ekseli haijaanza kuzunguka, umelikamata tatizo.

Namba mbili: Cub Cadet ya International Harvester

Hizi zilitengenezwa Louisville, Kentucky. Wenzetu wanaoishi mji huo leo wanakata majani kwenye vitongoji vilivyo jirani na kiwanda zilikozaliwa. La kwanza lilitoka mwaka 1961 na injini ya hp 7, nalo lilikuwa bado na mkanda. Kuanzia model 70 na 100 za mwaka 1963, nguvu inatoka kwenye injini kwa shafti moja kwa moja hadi giaboksi, bila mkanda wa kuteleza. Kwa kulima ardhi ngumu ya udongo mfinyanzi ya huku, mimi ningelichagua Cub Cadet ya gia, 102 au 122 kwa mfano, kabla ya trekta lolote. Nimeliweka la pili kwa sababu klachi yake iko ndani ya fremu, na mtu ambaye hajawahi kuifungua atapoteza wikendi nzima kupiga pini zilizoshikwa na kutu.

Usukani wa Cub Cadet ukicheza sana, uliza bei ya chini. Na kama ni la haidrostati, lile linaloenda mbele na nyuma kwa mkono mmoja bila kubadili gia, liweke katikati kwenye ardhi tambarare uone kama linatambaa lenyewe. Kutambaa kunatokana mara nyingi na kuchakaa kwa kipande kinachoongoza pampu. Kinatengenezeka, ila ni lazima utenganishe trekta. Oili yake ni Hy-Tran, oili maalumu ya International Harvester. Usimwage humo oili yoyote uliyoikuta gereji.

International Harvester iliuza jina hilo kwa kampuni ya MTD mwaka 1981. Yapo matrekta mazuri yaliyotengenezwa baada ya hapo, lakini jina lilelile leo limebandikwa pia kwenye vitu vyepesi vya dukani. Soma namba ya model, usisome kofia ya injini.

Namba tatu: Simplicity na Allis-Chalmers

Ni familia moja, zimetoka Port Washington, Wisconsin. Simplicity ilitengeneza matrekta madogo yaliyouzwa kwa rangi na jina la Allis-Chalmers. Kama kazi yako kubwa ni majani na kulima ni kidogo tu, zipandishe juu hadi namba moja. Deki yake inaelea juu ya rola ndefu za nyuma, haichimbi pale ardhi inapopanda na kushuka, na ukimaliza uwanja unapendeza kama wa mpira. Jambo la kukagua ni kile kisanduku cha gia za pembe kilicho chini ya trekta. Watu husahau kwamba kina oili yake. Kikikauka gia zinasagika, na kukipata kingine kizima kunauma mfuko.

Namba nne: John Deere

Najua nitaulizwa kwa nini haliko juu. Trekta lenyewe ni zuri sana. Model 110 iliyotoka mwaka 1963 kutoka Horicon, Wisconsin, ni kazi ya mikono iliyoheshimika, na vipuri vingi unavipata kwa wakala hadi leo. Tatizo ni jina. Wakusanyaji wanayatafuta, hasa ya mwaka ule wa kwanza na yale ya rangi ya mwishoni mwa miaka ya 1960, meupe yenye kofia nyekundu, ya chungwa, ya buluu au ya njano, na bei inapanda kwa sababu ya rangi wala si kwa sababu ya kazi. Wewe unataka kulima maharage. Ukiliona 112 limechakaa rangi lakini linavuta vizuri na lina deki yake, hilo chukua.

Model 318, ya 1983 hadi 1992, ni tamu kuendesha: ina haidroliki na usukani mwepesi. Injini yake ni Onan ya silinda mbili, na hapo ndipo moyo wangu unapositasita. Injini ni imara, ila ikifa, vipuri ni ghali na vingine havitengenezwi tena. Linunue tu kama linawaka vizuri likiwa baridi na muuzaji anakubali ulitumie kwa nusu saa.

Nyingine

Case, ambazo baadaye ziliitwa Ingersoll, zinaendeshwa kwa mota ya haidroliki, bila mkanda wala klachi, na zina nguvu ya kusukuma inayoshangaza. Ukipata lisilovuja, una bahati. Linalovuja kila mahali liache kwa mtu mwenye uzoefu wa haidroliki. Gravely ni gia tupu na injini iko nyuma. Imara mno, nzito mno, si ya kuanzia.

Siku ya kwenda kuliona

Mwambie muuzaji kwa simu, mapema, asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, ujue ameficha shida ya kuwaka, na una haki ya kusubiri ipoe.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili ya injini, inuse. Ikinuka petroli, sindano ya kabureta inavuja na petroli imekuwa ikishuka kwenye oili chini ya injini. Ni marekebisho madogo, ila injini iliyoendeshwa hivyo muda mrefu huwa imeliwa ndani. Vipande vinavyometameta kwenye oili ni habari mbaya.

Halafu kupima kompresheni kwa mkono. Hapa wengi hudanganyika, kwa sababu Kohler nyingi za K zina kifaa kinachofungua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili injini izunguke kwa urahisi. Ukizungusha gurudumu la injini kuelekea upande wake wa kawaida utadhani imekufa. Lizungushe kinyume, taratibu. Lazima ufike mahali linakataa na kukurudisha kwa nguvu. Lisipokurudisha, ringi au valvu zimechoka.

Likiwaka, moshi wa buluu unaopotea baada ya dakika moja si wa kukukimbiza. Unaoendelea, hesabu gharama ya ringi. Mlio wa kugonga unaoongezeka injini ikipewa mzigo, ondoka, hata kama bei inavutia. Injini za hp 10 hadi 16 zinaweza kuwa na gia za kusawazisha ndani, na zikivunjika zinaweza kutoboa bloku. Ukija kufungua injini yako siku moja, mafundi wengi watakushauri uzitoe.

Mwisho pigapiga chini ya deki kwa bisibisi. Bati likizama, limeoza. Zungusha visu kwa mkono, kwa fimbo kama unaogopa kujikata, usikilize beringi. Andika namba ya model na ya utengenezaji kutoka kwenye kibati chake, maana bila hizo kila kipuri utakachoagiza ni bahati nasibu.

Ukishalifikisha nyumbani

Acha rangi. Najua mikono inawasha, lakini rangi ni kazi ya majira ya baridi, wakati trekta tayari limefanya kazi msimu mzima na umelijua. Anza na petroli: mwaga yote ya zamani, safisha tenki, badilisha mipira, na kama unaweza kupata petroli isiyochanganywa na ethanoli itumie, kwa sababu hiyo nyingine ikikaa muda mrefu inaacha gundi kwenye kabureta. Kisha pointi za umeme, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Fungua kifuniko kidogo ubavuni mwa injini, safisha pointi, uziweke nafasi ya inchi 0.020 kwa filageji, kile kipimo cha vibamba vyembamba vya chuma. Trekta nyingi zinazouzwa kama "hazina cheche" hazina ugonjwa mwingine zaidi ya huo na waya wa ardhi uliolika kutu. Oili ya injini kiangazi ni SAE 30, na uiangalie kila mara, kwa kuwa injini hizi hazina pampu ya oili. Zinarusha oili kwa kijiko kilichoko ndani, na ikipungua kwenye mteremko zinakauka.

Angalia pia swichi za usalama. Mengi ya zamani hayazimiki ukishuka kitini visu vikiwa vinazunguka. Funga swichi ya kiti, ni kazi ya waya chache, na mtoto asipande mapajani mwako hata kwa picha.

Kwa kulima, tafuta plau ya inchi 10 ya Brinly, kampuni iliyoanza Kentucky mwaka 1839 ambayo sasa iko Jeffersonville, Indiana, ng'ambo ya mto Ohio. Trekta la hp 10 linaivuta ukiweka minyororo kwenye tairi za nyuma, uzito kidogo kwenye rimu, na kwenda gia ya chini kabisa. Kama unaweza kusubiri, nunua Oktoba na Novemba, majani yanapokoma na watu wanataka nafasi gerejini. Lenye koleo la theluji ununue Aprili. Na minada ya mashambani, pale familia inapouza mali ya mzee aliyefariki, usiipite: huko ndiko trekta huuzwa pamoja na deki, plau, minyororo na kitabu chake cha maelekezo, vyote kwa bei moja.