Siku Nane Raja Ampat: Bahari Haina Kasoro, Jaketi Ndilo Lililoniangusha

Nianze na hukumu, maana najua wengine mtaishia aya hii: nendeni mkazamie, lakini bebeni jaketi zenu za kuzamia, zile zinazojazwa hewa ili uelee, na regulita zenu, yaani vifaa vya kupumulia majini. Bahari ya Raja Ampat, visiwa vya Indonesia, sina la kuilaumu. Mwongozaji niliyempata nampa nyota tano. Vifaa vya kukodi navipa mbili, na hiyo ya pili ni ya huruma.

Kufika kunachosha. Ndege ya usiku kutoka Jakarta inakula saa nne hivi hadi Sorong, ncha ya magharibi ya Papua upande wa Indonesia. Hapo unapanda feri ya saa mbili hadi Waisai, kisiwani Waigeo, kisha mashua ya injini inakupeleka kisiwa cha Kri. Visiwa vinapita 1,500 na vingi havina mtu. Vinne vikubwa, yaani Waigeo, Batanta, Salawati na Misool, ndivyo vinavyohusishwa na jina lenyewe, Wafalme Wanne. Kuna kadi ya hifadhi ambayo mgeni lazima ailipie. Rupia taslimu toeni mapema, Sorong au Waisai. Huko mbele hakuna mashine ya benki, na wenyeji watakuangalia tu na kadi yako ya plastiki.

Nililala kwenye kibanda cha makuti kilichojengwa juu ya maji, mali ya familia ya Kipapua. Kuoga ni kwa kata, umeme ni wa jenereta na ni wa usiku tu, chakula ni wali na samaki, kesho wali na samaki. Sikunung'unika. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa "apa kabar", nikacheka peke yangu: habari ni ile ile, sote tumeichota kwa Mwarabu. Hata neno bahari wanalo.

Tuje kwenye maji. Kri iko kwenye Mlango wa Dampier, kati ya Waigeo na Batanta, ambako maji ya bahari kuu yanabanwa na kupita kwa nguvu. Mkondo ndio unaoleta chakula, na chakula ndicho kinacholeta samaki. Wataalamu wamehesabu Raja Ampat aina zaidi ya 550 za matumbawe magumu, karibu robo tatu ya zote zinazojulikana duniani. Hapo Cape Kri, mwaka 2012, mtaalamu wa samaki Gerry Allen alizama mara moja tu akahesabu aina 374. Mimi nilipofika thelathini nikapoteza hesabu. Lakini mkondo huo huo unaoneemesha mwamba unaweza kukuchukua ukatokea usikokujua, ndiyo maana nasema fedha yako iweke kwa mwongozaji kabla ya kuiweka kwenye chumba kizuri.

Wangu alikuwa kijana wa visiwa hivyo hivyo, mchache wa maneno. Kila tulipofika mahali hakuturuhusu kuruka. Alivaa miwani yake, akashuka kwenye ngazi, akaning'inia kwa mkono mmoja huku uso uko majini, kama dakika nzima. Nilimuuliza anatazama nini. Akasema samaki: wakilala vichwa upande mmoja, mkondo unatoka huko, wakitawanya vichwa ovyo, maji yametulia, wakijibanza kwenye mwamba, turudi mashuani tunywe chai. Mara mbili tulirudi kunywa chai. Kulikuwa na kikundi kingine kilichoruka, na baadaye tuliwaona wameibuka mbali, wametapakaa, mashua yao inawaokota mmoja mmoja.

Siku ya tatu, Cape Kri, mita kumi na nane, nikasikia sauti kama ya nyoka karibu na sikio la kushoto. Kitufe cha kujaza hewa kilikuwa kimenasa na jaketi linajijaza lenyewe. Asiyewahi kuzama aelewe hivi: ukipanda kwa kasi kutoka kina hicho huku umebana pumzi, hewa iliyo mapafuni inatanuka na inaweza kuyapasua. Nikavuta kamba ya kutolea hewa, natoa huku, inaingia kule. Mkono ukanidaka kwenye mtungi kwa nyuma. Kijana akanivuta hadi kwenye kivuli cha jiwe, mahali mkondo haufiki, akachomoa mpira wa hewa kwenye jaketi, kimya. Kisha akanionyesha kwa ishara nijaze kwa kupuliza kwa mdomo. Tukapanda polepole, tukasimama mita tano kwa dakika tatu, tukatoka. Mzamo nilioungoja kwa miaka ulidumu dakika kumi na moja.

Ofisini kwao, mhusika alibonyeza kitufe mara kadhaa, akasema, "Ni chumvi tu." Hakukosea. Ilikuwa chumvi, kwa kuwa vifaa havikusuuzwa kwa maji matamu tangu mteja aliyenitangulia. Nilipoomba wanipunguzie bei nikaambiwa mtungi ukishashuka majini umeshalipiwa. Hapo ndipo nyota tatu zilipopotelea. Kibaya zaidi, kijana aliyeniokoa ndiye aliyeambiwa aende akaoshe jaketi.

Kesho yake tulirudi, safari hii nina jaketi la kijana mwenyewe. Tulishuka tukajishikiza ukingoni, na mbele yetu kolekole walikuwa wakipita kama watu wanaotoka uwanjani baada ya mechi. Mzia wamejipanga kimya juu yao. Mlea wenye midomo minene wamesimama kwenye mkondo kama waliopanga foleni, na kundi la pono wenye nundu likapita likitafuna matumbawe. Mlio wa meno yao unausikia kabla hujawaona. Chini ya jiwe alilala wobbegong, papa bapa mwenye ndevu za nyuzinyuzi, ambaye mimi nilimdhania zulia la mwani mpaka kijana aliponigonga begani.

Manta Sandy ni kituo ambapo taa, wale samaki bapa, wakubwa wa aina ya manta huja kusafishwa na samaki wadogo. Wazamiaji wote mnapiga magoti mchangani nyuma ya mstari wa mawe, hamruhusiwi kuuvuka. Tulingoja sana, baridi ikaanza kuniingia hata kwenye maji ya joto kama yale. Wakaja wawili. Indonesia iliwawekea manta ulinzi wa kisheria mwaka 2014, na Raja Ampat yenyewe ilikuwa imeshatangazwa hifadhi ya papa na taa tangu 2010. Labda ndiyo sababu hawakutujali hata kidogo.

Kwa anayepanga: kati ya Oktoba na Aprili bahari huwa tulivu zaidi. Na tazama mwezi pia. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kiasi, na bamvua pale si mchezo. Kama mizamo yako bado ya kuhesabika, panga siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu.

Siku ya mwisho sikuzama. Ukishazama mara kwa mara unatakiwa ukae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, ili nitrojeni iliyobaki mwilini itoke. Usiku nikakaa gatini na tochi, nimekasirika kidogo kwa siku iliyopotea bure. Maji yalikuwa yamekupwa, kina hakifiki goti. Kwenye mwanga akajitokeza papa mwembamba mwenye madoadoa, urefu wa mkono wangu, na hakuwa akiogelea. Alikuwa akitembea kwa mapezi, pezi la kulia, pezi la kushoto, juu ya matumbawe, kama mzee anayetafuta viatu vyake gizani. Nilimfuata kwa tochi hadi alipoingia chini ya jiwe, mkia ukabaki nje kidogo, kisha nao ukaingia.