Unaanza safari ndefu za lori? Kabla hujanunua chochote angalia volti

Dereva mwingine tena kaniandikia, kijana ndo kwanza kakabidhiwa lori la safari ndefu, kanunua birika la kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, maji hayajapata hata moto plagi ikaanza kuyeyuka na kebini nzima ikanuka plastiki. Muuzaji alimhakikishia kwamba hilo birika linaingia gari yoyote. Kuingia linaingia kweli, maana tundu la gari ndogo na la lori ni lile lile, shida ni umeme unaotoka humo.

Kwa hiyo mwongozo wangu wa vitu vya kubeba hautazungumzia blanketi, soksi wala dawa za maumivu, hivyo mama yako atakukumbusha. Mimi nataka tuongee volti kwa sababu wanaouza hivi vitu hawaongei.

Gari ndogo ni volti 12. Lori kubwa sehemu nyingi za dunia ni 24, yaani betri mbili za 12 zimeunganishwa mfululizo, na injini ikiwa inanguruma unafika 28 hivi. Marekani na Kanada malori yao ni ya 12, ndo maana zile video za madereva wa kule wanaonyesha vifaa vyao zinaponza watu, wanaagiza vile vile alivyonavyo yule halafu vinawafia. Na hesabu yenyewe sio ndogo. Birika la volti 12 lenye wati 120 ukilichomeka kwenye 24 halili wati 240 kama wengi wanavyodhani, linakula kama 480, kwa sababu volti zikiwa mara mbili na ampea, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya, nazo zinakuwa mara mbili. Sasa ni ampea 20 zinapita kwenye kawaya kalikotengenezewa 10. Fyuzi ikiwahi kukatika umepona, ila kama dereva aliyekutangulia alitoa fyuzi akaweka kipande cha waya (na wapo kibao) hapo sijui nikwambie nini.

Usisome boksi, boksi linaandikwa lolote. Geuza kifaa chenyewe usome kibandiko cha chini, kinatakiwa kiseme DC 12/24V. Kikisema 12V tu, na lori lako ni 24, rudisha kwenye shelfu.

Haya, kwa mpangilio wangu.

Namba moja ni kipunguza volti, kile kiboksi cha kushusha 24 kuja 12. Hiki wengi hawakitaji kabisa, wakati ndicho kinachokuruhusu kutumia redio na vikorokoro vyako vya 12 bila kuunguza. Kuna fundi atakwambia achana nacho, tunavuta waya kutoka kwenye betri moja tu unapata 12 yako bure. Mkatalie. Betri moja itakuwa inaliwa peke yake, ile nyingine inajazwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zimekwisha halafu asubuhi unapiga stata lori limenuna. Mimi hapa ni shabiki wa chapa ya Victron, vipunguza volti vyao vya Orion, nasema wazi na hakuna aliyenilipa, hawa watu ampea wanazoandika ndizo wanazotoa. Za bei chee ampea ni za kwenye stika.

Namba mbili, friji ndogo ya kompresa. Chapa yangu ni Engel. Ndiyo, ni ghali, inauma, ila inakubali 12 na 24 yenyewe bila kubadilisha kitu, na kompresa yake ina kipande kimoja tu kinachocheza kwa hiyo mitikiso ya barabara mbovu haiisumbui sana. Dometic za CFX nazo nzuri, zina ulinzi wa betri, unachagua ngazi zinapozima zenyewe kabla hujashindwa kuwasha gari, na kwa anayelala huku injini imezimwa hilo ni jambo kubwa. Vile visanduku vya bei rahisi visivyo na kompresa vinashusha kama nyuzi 20 tu chini ya joto la nje, kebini ikiwa 40 maji yako ni 20. Na kama wewe unatumia insulini usithubutu, chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 mpaka 8.

Inveta, kile kiboksi cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ni ya tatu. Hakikisha upande wa kuingiza ni 24, na ukitaka kubwa ifungwe moja kwa moja kwenye betri, fyuzi yake ikae karibu na betri, sio kwenye tundu la sigara. Chaja za simu nyingi siku hizi ni 12/24 lakini soma tu. Birika la 24 lipo, tafuta utalipata.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba kifaa kile kile wakikibandika picha ya lori bei inapaa, halafu ukigeuza chini unakuta 12V. Ukiomba kukijaribu kwenye lori lako pale nje wanakwambia ukishafungua umenunua. Nunua kwa anayekubali mjaribu.

Mchezo huo huo wanaufanya kwenye geji za upepo. Tairi za lori zinataka psi 100 mpaka 120 hivi, na geji nyingi za gari ndogo zinaishia 60, mshale unagonga mwisho unakaa hapo. Chukua inayofika 150 au zaidi, na iwe ya mkono mrefu wenye mdomo wa pande mbili, la sivyo ile tairi ya ndani kwenye zile pacha za nyuma huifikii, na mara nyingi hiyo ndiyo inayokwenda na upepo mdogo bila wewe kujua.