Wasaidizi wa Kupima Lugha Shuleni: Tathmini ya Mzazi wa Kisauni

Muhula uliopita shule anayosoma binti yangu huku Kisauni, Mombasa, iliwaleta wasaidizi wa kupima lugha, yaani watu wanaomketisha mtoto mmoja mmoja na kumpima Kiswahili na Kiingereza, ili mwalimu ajue amefika wapi katika kila lugha. Kila mzazi aliyekubali alilipa shilingi 700. Nililipa kwa shingo upande, kwa kuwa watoto wetu hawajapungukiwa na mitihani. Leo ningelipa tena, lakini kwa masharti, na ni hayo masharti yaliyonifanya niandike.

Haja ya huduma hii ni ya kweli. Sera ya nchi yetu ya Kenya inataka mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake, kisha ifikapo Gredi ya 4 Kiingereza ndicho kishike hatamu. Mtoto wa Kisauni anaweza kuzungumza Kigiriama na bibi yake, Kiswahili akiwa barazani, na Kiingereza kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya kwenda nyumbani. Anaponyamaza katika somo la sayansi, mwalimu mwenye darasa lililojaa hana njia ya haraka ya kujua kama mtoto hakuelewa somo au hakuelewa lugha. Kanuni ya wapimaji ni kwamba mtoto anayetatizika katika lugha zake zote huenda akahitaji mtaalamu, na anayetatizika katika moja tu anahitaji kufundishwa hiyo moja. Ukimpima kwa Kiingereza peke yake, hutaweza kuwatenganisha hawa wawili. Vituo vya serikali vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalum vimekuwapo tangu 1984, na ni hasara kumpeleka huko mtoto ambaye kosa lake ni kuwa Kiingereza hakijamkaa. Huko California, Marekani, kazi hii ni ya kawaida shuleni: mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao si Kiingereza hupimwa ndani ya siku 30 za kuandikishwa. Sisi, ambao karibu kila mtoto wetu ana lugha mbili au tatu, ndio kwanza tunaanza kulipia.

Walikuja wasaidizi wawili, nao wakapewa chumba cha maktaba, feni moja na meza mbili zilizokaribiana mno. Wazazi tuliruhusiwa kukaa nyuma kwa sharti la kutofungua kinywa. Msaidizi wa kwanza alikuwa mama wa makamo ambaye ukimsikia tu unajua amelelewa mjini hapa. Alimpokea binti yangu kwa kumwambia, “Ndoo mamangu, keti hapa,” akamuuliza wamekula nini asubuhi, na walipomaliza habari za mahamri na mbaazi mtoto alikuwa amekwisha kusahau kwamba anapimwa. Baada ya hapo zikaja picha, kisha maagizo ya kutenda: chukua penseli nyekundu, iweke chini ya kitabu, halafu unipe kifutio. Ikafuata hadithi fupi ya mvuvi ambayo mtoto alitakiwa aisimulie upya, na mwisho kusoma kifungu kwa dakika moja huku msaidizi akihesabu maneno yaliyosomwa sawasawa. Kusomeshwa kifungu hakutamshangaza mtu aliyewahi kuwaona watu wa Uwezo wakipita nyumba hadi nyumba kuwapima watoto kusoma na kuhesabu, kazi waliyoianza nchini mwaka 2009.

Kilichonivutia kwa mama huyu ni subira. Akishauliza alinyamaza, na kimya kikirefuka hakukijaza kwa kurudia swali wala kwa kumdokezea mtoto jibu. Binti yangu alipochanganya lugha katikati ya hadithi hakumkatiza. Aliandika maneno kama yalivyotoka, ya Kiswahili kwa Kiswahili na ya Kiingereza kwa Kiingereza. Hata picha ya kaa aliitaja kwa ile pumzi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, inayomtenga kaa wa baharini na kaa la moto, jambo ambalo karatasi yake haikumdai.

Meza ya pili ndipo palipoharibika. Msaidizi wake alikuwa kijana mwenye Kiingereza kizuri na Kiswahili safi cha vitabuni, mtu mwenye adabu, na sina shaka kwamba alifuata alichofundishwa. Alimwonyesha mvulana mmoja picha ya tunda jekundu la mbogani, akauliza ni nini. Mtoto akajibu, “Tungule.” Msaidizi akauliza tena, kana kwamba hakusikia. Mtoto akasema “tungule” kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu hakujibu, na kalamu ikaweka mkasi. Jibu lililotakiwa lilikuwa nyanya, na kwa mtoto yule nyanya ni mamake babake, ambaye yuko nyumbani na hana wekundu wowote. Dakika chache baadaye aliulizwa tunaonea kwa nini, akasema “mato,” na hilo nalo likapigwa mkasi.

Najua Kiswahili sanifu kina haki zake. Kikao kilichochagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928 kilifanyika papa hapa Mombasa, na Kimvita kikashindwa kikiwa kwao. Mtoto sharti ajue kwamba katika insha ataandika nyanya na macho. Lakini picha ile iliwekwa kupima kama mtoto ana msamiati, na msamiati alikuwa nao. Aliyepungukiwa na neno pale mezani alikuwa mpimaji. Mtu wa namna hiyo anaweza kupima insha bila tatizo lolote. Kumwita msaidizi wa lugha mbili kwa watoto wa Mombasa ni kumpa sifa ambayo bado hajaifikia.

Karatasi ya alama ina kasoro yake pia. Ina safu mbili tu, Kiswahili na Kiingereza. Mtoto aliyeonyeshwa maji ndani ya bilauri akasema “madzi” alipata sufuri katika safu zote mbili, na bahati yake ni kwamba alikuwa kwa yule mama, ambaye aliandika pembeni, “Analijua, kwa Kigiriama.” Ripoti zilipotoka wiki tatu baadaye, maandishi yote ya pembeni yalikuwa yameachwa. Tulipewa ukurasa mmoja wenye asilimia, na chini yake maneno “wastani” na “chini ya wastani,” bila kuelezwa ni wastani wa watoto gani.

Nilimwomba mwalimu wa darasa anionyeshe karatasi ya awali, naye akakubali. Pembeni mwa maagizo yule mama alikuwa ameandika kwamba binti yangu anatekeleza hatua tatu kwa Kiswahili bila kusita, ila kwa Kiingereza anashika hatua ya mwisho tu. Sentensi hiyo moja ilinifaa kuliko ripoti nzima, kwani tangu siku hiyo mwalimu humpa maagizo ya Kiingereza hatua baada ya hatua, na ule utundu uliokuwa ukilalamikiwa katika vipindi vya sanaa umepungua. Kumbe alikuwa akiruka hatua mbili za kwanza kwa kutozisikia.

Jingine dogo: sauti za watoto zilirekodiwa kwa simu. Fomu ya idhini tuliletewa, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka kwa taarifa za mtoto, lakini haikusema rekodi zitahifadhiwa kwa muda gani wala nani atazisikiliza. Ulizeni kabla ya kutia sahihi.

Yule mama namsifu bila kubakisha. Kwa ripoti yao nisingetoa hata nusu ya zile shilingi 700. Wasaidizi wanatarajiwa kurudi muhula wa tatu, na nimemwandikia mwalimu mkuu nikiomba mambo matatu: orodha ya majibu yanayokubalika ipitiwe na mwalimu mzaliwa wa hapa kabla ya siku yenyewe, karatasi iongezwe safu ya lugha ya nyumbani, na wazazi wapewe maandishi ya pembeni pamoja na asilimia. Ameniahidi kwamba safu ya tatu itakuwapo. Karatasi mpya bado sijaiona.