Kilomita sahihi, saa si zenyewe: uzoefu wangu na kikokotoo cha safari za ndege

Kwa kupima umbali, kikokotoo hiki cha mtandaoni nakipa alama zote. Unaandika HEL na NRT, yaani Helsinki na Narita ya Tokyo, papo hapo kinakupa takriban kilomita 7,800. Ni mstari mfupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, na hakijakosea. Kilichoniumiza ni muda kinaouweka chini yake: saa 9 na dakika 40.

Nilisafiri majira ya baridi na mwanangu wa miezi saba. Kwa kuamini muda ule nikapima maziwa ya unga kwenye vikopo vitano, vinne vya angani, kimoja cha akiba. Cha akiba kikaishia tukisubiri kupanda. Nilipokuwa nakoroga cha mwisho, nikatazama ramani kwenye kioo cha mbele yangu: bado saa 4. Ndege ilikuwa imeshapita Ncha ya Kaskazini na mlango wa bahari wa Bering, ule wa kati ya Alaska na Urusi, inaitafuta Pasifiki.

Kikokotoo huchukua kilomita, kikagawanya kwa mwendo wa wastani, kikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hakijui upepo, wala hakijui anga ipi imefungwa. Mstari ule mfupi unapita juu ya Urusi, na tangu 2022 anga hiyo imefungwa kwa ndege za nchi nyingi za Ulaya. Kwa hiyo ndege yetu ilipanda kaskazini hadi nchani, ikashukia upande wa Alaska kisha Pasifiki. Jumla saa 13. Wala njia yenyewe si ngeni: Finnair, shirika la ndege la Finland, walianza kuipita 1983, enzi za Wasovieti, kwa sababu hiyo hiyo.

Tiketi ilikuwa na jibu muda wote. Kuondoka saa 11:30 jioni, kufika saa 7:30 mchana kesho yake. Hapo ni saa 20. Toa 7 ambazo Tokyo imeitangulia Helsinki wakati wa baridi, zinabaki 13. Hesabu hiyo sikuifanya, maana nilishapewa jibu, tena lenye dakika zake. Zile dakika 40 ndizo zilizonifanya niamini kwamba kuna mtu ameipima safari yenyewe.

Saa ya mwisho mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama mmoja wa viti vya nyuma, hatuelewani lugha, akaninyooshea kikopo cha maziwa ya mwanawe. Namshukuru mpaka leo.

Wenye kikokotoo wangeandika tu kwamba huo ni muda wa kukisia, haufuati njia halisi ya ndege. Mimi bado nakitumia, kwa kilomita pekee. Saa nazitoa kwenye tiketi, au natazama ndege ya jana ya namba hiyo hiyo ilitumia muda gani. Wakati wa kurudi nilipima maziwa ya saa 18, na vikopo viwili nikafika navyo.