Yamaha DX7: kinanda kilichozaliwa na hataza
Anayekaa mbele ya Yamaha DX7 kwa mara ya kwanza hukuta vibonye bapa visivyobonyea na skrini ya mistari 2 yenye herufi 16 kila mmoja, na kupitia kidirisha hicho anatakiwa apange mawimbi 6 ya sauti yanayotikisana, akichagua mpangilio mmoja kati ya 32. Kuunda sauti mpya kunachosha, nami siwalaumu wanamuziki walioridhika na zile za kiwandani. Kengele zake na piano yake ya umeme bado zinang'aa. Mbinu hiyo ya wimbi moja kulitikisa jingine, iitwayo FM, aliigundua John Chowning, mtunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1967. Chuo kilimnyima ajira ya kudumu, kisha kikaipatia Yamaha leseni ya mbinu yake na kuvuna mamilioni ya dola. (Baadaye alirudishwa, bila shaka!) Hataza ya mbinu hiyo, yaani haki ya kisheria ya kuimiliki, iliwafungia washindani mlango, ilhali MIDI, lugha ya pamoja ya kuunganisha ala za kielektroniki, iliyotolewa bila ada mwaka uleule wa 1983 kinanda hiki kilipoingia sokoni, ilienea kwa karibu kila mtengenezaji. Hataza imekwisha muda wake na programu za bure huiga sauti zake vizuri, kwa hiyo mimi ningekinunua cha mtumba kwa sababu ya vibao vyake vya kupigia tu, vinavyoitika vidole kwa wepesi.