Memori kadi ya PS2 ya 64MB kutoka Kariakoo, msiingie mkenge kama mimi

Wazee wa PS2 mpo? Najua wengi mshahamia PS4 na PS5 ila kuna sisi ambao ile slimu nyeusi bado ipo chini ya tivii na inapiga kazi. Mpwa wangu akija likizo ndo ajira yake hiyo, PES 6, ile gemu ya mpira, toka asubuhi mpaka umeme ukatike. Sasa memori kadi yetu ya zamani, kile kidude kinachotunza seviu za gemu, ilipotea tulipohama nyumba, nahisi iliingia kwenye boksi la nyaya na boksi la nyaya akaondoka nalo mtu wa chuma chakavu, basi nikashuka Kariakoo kutafuta nyingine.

Duka silitaji. Jamaa akanitolea mbili kwenye kaunta. Moja ya 8MB, nyeusi, imetumika, imechubuka pembeni na maandishi yameanza kufutika, elfu ishirini. Ya pili mpya kabisa, bado ipo kwenye plastiki yake, imeandikwa 64MB kwa herufi za kung'aa, elfu kumi na mbili. Nikamuuliza kaka mbona hii kubwa ndo rahisi? Akanijibu bila hata kupepesa, "Bosi hiyo ni ya kisasa, hiyo nyingine watu wanalipia uzee tu." Na mimi mtu mzima na ndevu zangu nikapiga hesabu, 64 kwa 8 ni mara nane, nikalipa nikaondoka natembea kama nimemuibia yeye.

Kwanza niseme uzuri wake maana sitaki kuonea mtu. Inaingia vizuri kwenye tundu, PS2 ikaiona, ikaomba kuformati, ikaformati, wiki ya kwanza inasevu bila shida. Ni nyepesi kama ganda la kiberiti lakini nikasema labda ndo teknolojia.

Dogo akaanzisha Master League, ile sehemu ya PES ya kujenga timu yako msimu kwa msimu. Mnaoijua mnajua, unapewa wale vilaza kina Castolo na Minanda unahangaika nao wee unakusanya pointi, unauza mmoja unanunua mmoja. Kijana kapambana misimu mitatu mpaka kamsajili Adriano, yule Adriano wa mguu wa kushoto ambaye kipa akiuona mpira ujue ushaingia. Sasa siku hiyo jioni nipo nje nasikia "Anko njoo uone, anko njoo!" Kufika, yuko kwenye ile sehemu ya kuangalia vilivyomo kwenye kadi, pale ambapo kila gemu inakuwa na kijipicha chake kinachocheza cheza, hakuna kijipicha, kuna maandishi tu kwamba data imeharibika. Tukazima tukawasha, tukahamisha tundu la pili, nikasafisha meno ya kadi kwa spiriti na pamba. Mara ya nne haikuionyesha kabisa, kana kwamba hujachomeka kitu. Mtoto hakulia ila alinyamaza, na hicho kimya kilinichoma kuliko angelia.

Nikaipeleka kwa fundi wangu huku mtaani, huyo ndo aliyenichipia PS2 enzi hizo. Akaipasua kwa bisbisi. Ndani kuna kijibodi kidogo na tone la gundi nyeusi limefunika chipu, basi, ndo kadi yenyewe hiyo. Akacheka akasema "Ujue PS2 ilitengenezwa na kadi ya 8MB kichwani, ndo hiyo ya Sony wenyewe, na kila aliyetengeneza gemu alipigia hesabu hiyo." Hizi kubwa kubwa za mtaani zinalazimisha, gemu nyingine zinaikubali nyingine zinaikataa, na chipu yenyewe hujui imetoka wapi.

Halafu tuongee ukweli, nani anahitaji 64MB? Kadi ya PS1 ilikuwa na 128KB tu, vyumba 15, na watu walimaliza magemu marefu humo humo. Hiyo 8MB ni mara 64 ya ile. Nilikuwa najaza nini mimi, mahindi? Na hapo hapo, kama bado unacheza CD za PS1 kwenye PS2 yako ujue hazisevu kwenye kadi ya PS2, lazima uwe na kadi ya PS1 yenyewe. Ya PS2 inaweza kukutunzia kopi tu, kuna mtu nilibishana naye kwenye daladala mpaka tukapitiliza kituo.

Kumbe fundi alikuwa na 8MB orijino, imetumika, akaniuzia elfu ishirini na tano akiwa ameshaiwekea Free McBoot, programu ya kuwashia mashine kutoka kwenye kadi. Hii ndo sababu kubwa ya kutafuta orijino, Free McBoot inahitaji MagicGate ndani ya kadi, ule ulinzi wa Sony, na feki nyingi hazina hicho kitu hata kama wamechapa jina lake juu. Ikikubali unawasha mashine inapitia kwenye kadi, CD ikiwa imekwaruzwa unacheza gemu kutoka kwenye flashi (polepole maana USB ya PS2 ni ile ya kizamani, 1.1, video zinakwama kwama). Ila geuza mashine yako usome stika ya chini kwanza, zile slimu za mwisho mwisho za namba 90000 nyingi zinaigomea. Yangu ni 77000, haina neno. Na msiruhusu mtoto aformati, akiformati tu Free McBoot nayo imekwenda.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni uLaunchELF, programu ya kukopi mafaili, inakuja humo humo, unakopi seviu zako kutoka kwenye kadi kwenda kwenye flashi ya kawaida iliyoformatiwa FAT32. Kadi ikifa unarudisha. Jirani yangu mwenye PS5 ananicheka na PS2 yangu lakini yeye seviu za gemu za PS5 hawezi kuzikopi moja moja kwenda kwenye flashi, anategemea kulipia PS Plus, huduma ya Sony, zikae mtandaoni, bando likiisha anakodoa macho.

Kwa hiyo: ile ya 64MB nyota moja, na hiyo nyota ni ya plastiki yake. Ya 8MB iliyotumika nyota nne na nusu, nusu nimetoa kwa sababu elfu ishirini na tano kwa kitu kilichochubuka inauma. Ukienda kununua beba mashine yako au mwambie aichomeke kwake, sevu, zima kabisa, washa, fungua. Fanya hivyo mara mbili tatu, akikwambia unamchelewesha wateja ondoka.

Dogo kaanza upya, yupo msimu wa kwanza na Castolo wake mbele. Kila Ijumaa tunakopi kwenye flashi, mi nikisahau yeye ndo ananikumbusha.